Kisa cha Kurwa: kubadili chakula cha paka wa miaka 11 kabla kisukari hakijaingia

Mama mmoja mstaafu wa Ngamiani, Tanga, alimleta paka wake katika chumba changu cha tiba akiwa ndani ya kapu la ukili lililofunikwa kanga, na alichokuja kuomba kilikuwa ni "ile sindano ya muwasho". Paka huyo, dume aliyehasiwa akiwa na mwaka mmoja, alikuwa ametimiza miaka 11, na kwa mujibu wa kadi yake alikwishachomwa sindano tatu za steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho) ya kukaa mwilini muda mrefu ndani ya miezi 12, zote kwa sababu ya kujikuna mgongoni na kwenye shina la mkia. Nakiandika kisa hiki kwa kirefu, kwa idhini ya mama mwenyewe, kwa kuwa ndani yake mna karibu kila jambo linalomsogeza paka mzee kwenye kisukari, na kwa kuwa kosa nililolifanya mimi katika wiki ya kwanza ni kosa ambalo mtu yeyote mwenye nia njema anaweza kulifanya.

Paka huyo anaitwa Kurwa. Alizaliwa tumbo moja na jike aliyeitwa Doto, ambaye alikufa kwa kisukari miaka miwili kabla ya siku hiyo, na mama alinisimulia mwanzo wa ugonjwa wa Doto kwa maneno ambayo sijayasahau: "Mwanangu, mimi nilianza kwa kuwaona sisimizi. Wamejipanga kutoka ukutani hadi kwenye beseni la mchanga wake, nikadhani mtoto kamwaga soda." Kumbe uliomwagika ulikuwa ni mkojo wenye sukari. Baada ya wiki chache Doto alikuwa anakunywa maji moja kwa moja kutoka kwenye ndoo, anakula kuliko zamani huku akikonda, na mwishoni akawa anatembea kwa kulaza miguu ya nyuma, visigino vikigusa sakafu, jambo linalotokea neva za miguu zinapoharibiwa na sukari. Alipofikishwa kwa daktari alikuwa hali wala hasimami. Kwa hiyo nilipomtoa Kurwa kapuni sikuanza na muwasho.

Alikuwa na kilo 6.4. Mbavu zake hazikupapasika mpaka vidole vibonyezwe, kiuno hakikuonekana ukimtazama kutoka juu, na chini ya tumbo palikuwa na mfuko wa mafuta uliokuwa ukiyumba alipojaribu kushuka mezani. Katika kipimo cha umbo chenye alama 1 hadi 9, ambapo alama 5 ndiyo hali nzuri, nilimpa 8. Na kwa kuwa kila alama inayozidi 5 huhesabiwa kuwa ni takriban asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa ziada, nilikadiria kwamba uzito unaomfaa ni karibu kilo 4.8. Sukari ya damu ilisoma milimoli 12.1 kwa lita. Kwa binadamu namba hiyo ingetosha kumtia mtu hofu, lakini paka aliyefika kwa bajaji, akashikwa na watu asiowajua na kusikia mbwa akibweka chumba cha pili, hupandisha sukari kwa woga peke yake, wakati mwingine hata kupita milimoli 16. Ndiyo maana sikuandika neno "kisukari" kwenye kadi. Mkojo haukuwa na sukari hata kidogo, na figo za paka huanza kuivujisha sukari inapofikia takriban milimoli 14 hadi 16. Uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji, kipimo cha jinsi figo zinavyoukoleza, ulikuwa 1.038, na kreatinini, taka ya damu inayochujwa na figo, ilikuwa ya kawaida. Mambo hayo mawili yalikuwa na maana kubwa kwa hatua iliyofuata, kwa sababu paka mzee mwenye figo dhaifu hapaswi kuongezewa nyama na samaki kabla ya kupimwa.

Siku nne baadaye nilikwenda nyumbani kwao asubuhi, Kurwa akiwa hajala, nikamtoboa kidogo ukingoni mwa sikio alipokuwa amelala juu ya mkeka. Kipimo kilisoma 6.8. Kwa paka mwenye afya aliyefunga usiku kucha tunatarajia isizidi takriban 6.5, tena vipimo vya mkononi vilivyotengenezwa kwa ajili ya watu kwa kawaida husoma chini kidogo ya hali halisi ya damu ya paka, kwa hiyo ukweli ulikuwa juu ya hapo. Hakuwa mgonjwa wa kisukari, lakini alikuwa amesimama mlangoni pake, na kwa jinsia, umri, kuhasiwa, unene na zile steroidi, alikuwa na kila sababu ya kuingia.

Jambo la kwanza kuondolewa lilikuwa sindano. Steroidi hulifanya ini limimine sukari kwenye damu na hufanya mwili usiitikie insulini ipasavyo, na kwa paka mnene sindano moja ya kukaa muda mrefu inaweza kuwa ndiyo msukumo wa mwisho. Nilipochana manyoya ya mgongo wake juu ya pamba iliyolowa, chembe nyeusi zilizodondoka zilijiyeyusha na kuwa na rangi nyekundu ya kutu. Kilikuwa ni kinyesi cha viroboto, na rangi ile ni damu ya Kurwa mwenyewe. Muwasho uliotibiwa kwa steroidi mwaka mzima ulikuwa muwasho wa viroboto. Tulitibu viroboto kwa dawa ya matone ya paka, mikeka na mito ikafuliwa na kuanikwa juani, na nikamsihi mama asinunue dawa ya matone ya mbwa hata ikiwa ni ya bei nafuu, kwa kuwa nyingi zina permethrini, ambayo ni sumu kali kwa paka. Tangu hapo Kurwa hajachomwa steroidi.

Kisha tukaingia kwenye chakula, na hapa nilimwomba mama asinieleze anampa kiasi gani, bali apime. Kwa siku tatu alipima kila kitu kwa mizani ya jikoni ya binti yake. Matokeo yalikuwa hivi: gramu 60 za chakula kikavu cha pakiti, kilichokuwa kinakaa kwenye bakuli mchana na usiku, maziwa ya chai ya asubuhi, kisosi chenye mililita 80 hivi, na jioni ugali wa gramu 50 uliochanganywa na dagaa wakavu gramu 10. Ukiangalia kwa macho, kila kimoja ni kidogo. Ukijumlisha, chakula kikavu kilitoa karibu kilokalori 194, maziwa 50, ugali 60 na dagaa 35, jumla 339. Paka mwenye kilo 4.8 akiwa amepumzika anahitaji karibu 227, namba inayopatikana kwa kuchukua uzito wake katika kipeo cha 0.75 na kuzidisha kwa 70. Kurwa hakuwa mlafi. Alikuwa analishwa kwa mapenzi, mchana na usiku, na hakuwa na pa kuzipeleka nguvu hizo, kwa kuwa tangu Doto afe alikuwa hatoki nje ya ua.

Wanga nao ulistahili kuhesabiwa, na hesabu yake ni rahisi ingawa pakiti nyingi haziuandiki. Unachukua 100 na kutoa protini, mafuta, nyuzinyuzi, majivu (yaani madini) na maji; kinachobaki ndicho wanga. Pakiti ya Kurwa ilionyesha protini 30, mafuta 10, nyuzinyuzi 4, majivu 8 na maji 10, kwa hiyo wanga ulikuwa 38. Ukikokotoa nguvu, yaani 3.5 kwa kila gramu ya protini au wanga na 8.5 kwa kila gramu ya mafuta, unapata kilokalori 323 kwa gramu 100, na asilimia 41 ya nguvu hiyo inatokana na wanga. Kijipakiti cha chakula chenye majimaji tulichokilinganisha nacho kilikuwa na protini 10, mafuta 5, nyuzinyuzi 0.5, majivu 2 na maji 81. Wanga wake ni 1.5 tu, kama asilimia 6 ya nguvu yake. Tulipojumlisha siku nzima ya Kurwa, pamoja na ugali na sukari ya maziwa, karibu kilokalori 148 kati ya 339 zilikuwa za wanga.

Kwa nini hilo linamhusu paka kuliko mbwa au mtu? Paka ni mla nyama halisi. Mate yake hayana kimeng'enya cha kumeng'enya wanga, na ini lake lina upungufu wa glukokinazi, kimeng'enya ambacho kwa wanyama wengine hulisaidia ini kuipokea haraka sukari inayoingia kwa wingi baada ya mlo. Ini la paka limezoea kazi ya kinyume: kutengeneza sukari kutokana na protini, saa zote, awe amekula au hajala. Mwaka 2005 ilibainika kwamba hata ulimi wake hauonji utamu, kwa sababu jeni moja inayohitajika kwa kazi hiyo imekufa kwa jamii yote ya paka. Anapokimbilia ugali, basi, anafuata harufu ya dagaa. Kisukari cha paka wengi hufanana na kile cha aina ya pili kwa watu: misuli na mafuta huacha kuitikia insulini, kongosho hujitahidi kuziba pengo, na baada ya muda chembe zinazotengeneza insulini huchoka na kujazwa protini iliyoganda iitwayo amiloidi.

Hata hivyo sikumwambia mama kwamba wanga peke yake ndio mkosaji, kwa sababu utafiti hausemi hivyo. Uchunguzi wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2009 ulihusisha kisukari cha paka na kufungiwa ndani na kutojishughulisha, na haukukuta kwamba kiasi cha chakula kikavu ndicho kilicholeta tofauti. Uchunguzi wa Uswidi wa mwaka 2017 ulikuta uhusiano kati ya chakula kikavu na kisukari, lakini kwa paka wasio wanene. Kinachokubalika pande zote ni unene. Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 2001, paka walionenepa kwa wastani wa asilimia 44 ndani ya miezi kama 10 walipoteza asilimia 52 ya uwezo wa miili yao kuitikia insulini. Kwa hiyo nilipanga vipaumbele hivi: kwanza jumla ya nguvu ishuke ili uzito ushuke, kisha, ndani ya jumla hiyo, wanga upungue kadiri mfuko wa mama utakavyoruhusu.

Mfuko ulikuwa na neno lake. Kumlisha Kurwa vijipakiti vya majimaji peke yake kungehitaji zaidi ya gramu 210 kwa siku, yaani viwili na nusu, na pensheni isingebeba. Watu wengi wakifika hapo hufikiria kumpikia paka kuku au samaki kila siku, na mama naye alipendekeza hivyo. Nilikataa kwa heshima. Nyama tupu isiyo na mfupa haina kalisi ya kutosha, na taurini, ambayo paka asipoipata moyo wake hupanuka na kudhoofika na macho yake huharibika, hupotelea kwenye maji ya kuchemshia. Chakula kisicho kamili kinafaa kiwe takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu za siku, si zaidi. Tulikubaliana juu ya kilokalori 180, ambazo ni karibu asilimia 80 ya zile 227: kijipakiti kimoja cha gramu 85 chenye kilokalori 70, chakula kikavu gramu 28 chenye 90, na gramu 20 za samaki mbichi aliyechemshwa bila chumvi wala viungo, changu mara nyingi, akatolewa miiba yote. Wanga ungeshuka kutoka kilokalori 148 hadi 41 hivi. Maziwa, ugali na dagaa wa chumvi viliondoka.

Mpango ulikuwa sahihi na nilivyoutekeleza haukuwa sahihi. Nilimwandikia mama abadilishe vyote ndani ya siku tatu, nikichanganya makosa mawili: kubadili aina ya chakula na kupunguza kiasi kwa wakati mmoja, kwa mzee aliyekula chakula kile kile kwa miaka 10. Kurwa alinusa kijipakiti, akapiga sakafu kwa mguu kama anayefukia, akaondoka. Siku ya pili alikula punje chache tu. Asubuhi ya siku ya tatu mama alinipigia simu, sauti yake ikiwa imekauka: "Huyu sasa ananifuata njia ya mwenzake." Nilimwambia amrudishie bakuli lake la zamani saa ile ile, ugali na dagaa vikiwemo, na alikula mbele yangu nilipofika. Paka mnene asipokula kwa siku mbili tatu, mwili huyaburuta mafuta yote kwa pamoja kwenda kwenye ini, ini likajaa na kushindwa kazi, na paka huweza kufa kwa jitihada za kumwokoa na kisukari. Niliufahamu ukweli huo tangu chuoni. Sikuupa nafasi yake kwenye karatasi niliyomwandikia mama, na nilimwomba radhi.

Tulianza upya. Wiki mbili za kwanza hatukuleta kitu kigeni chochote: ugali uliondoka kwa kupunguzwa kijiko baada ya kijiko, kisha maziwa, na kwa hatua hiyo pekee tulishuka hadi kilokalori 229. Bakuli la kudumu liligeuzwa kuwa milo minne iliyopimwa. Kuanzia wiki ya tatu, chakula cha majimaji kiliwekwa kijiko kimoja cha chai, kando ya chakula kikavu bila kuchanganywa, kwenye kisosi kile kile cha maziwa, baada ya kijipakiti kuzamishwa kwenye maji ya moto mpaka kikawa na joto la mwili. Kikiwa baridi hakina harufu kwa pua ya paka mzee. Kilichomvuta hasa ni hila ya mama mwenyewe: dagaa wawili waliolowekwa na kuoshwa chumvi, wakachemshwa, na matone ya maji yake yakanyunyizwa juu. Kisosi kiliondolewa baada ya saa moja, kwa kuwa joto la Tanga halingojei. Ilichukua hadi wiki ya saba kufika kwenye mpango kamili. Sehemu ya punje kavu zilitiwa kwenye chupa ya maji iliyotobolewa matundu, ili apate kuisukuma kwa mguu zidondoke, na hiyo ndiyo ikawa kazi yake ya mchana.

Uzito ulipimwa kila Ijumaa ya pili dukani kwa jirani, Kurwa akiwa ndani ya kapu lake, kisha gramu 500 za kapu zikatolewa. Tulitaka apungue kati ya nusu asilimia na asilimia moja kwa wiki. Kwa kilo 6.4 ni gramu 32 hadi 64, mabadiliko ambayo mizani ya kusimamia watu haiwezi kuyaona. Muuza duka aliyaandika kwenye daftari la madeni, ukurasa wa mwisho, na daftari hilo lilituonyesha tatizo kabla hatujalijua. Katikati ya Ramadhani mstari ulipanda gramu 80. Hakuna aliyekuwa amevunja mpango kwa makusudi, ila kwenye futari kulikuwa na watoto wengi na kwenye daku kulikuwa na wazee wenye huruma, na Kurwa alikuwa akipata nyama ya sambusa. Nyama hiyo ina vitunguu maji na saumu, ambavyo huvunja chembe nyekundu za damu ya paka hata vikiwa vimepikwa, kwa hiyo hapo nilikuwa mkali kidogo. Lakini kumwambia mtu asimpe chochote kiumbe anayemtazama saa kumi usiku ni agizo lisilotekelezeka. Tulitenga gramu 6 za chakula kikavu kutoka kwenye zile 28, zikawa daku ya Kurwa, kwenye kikombe chake, na mwenye huruma alichota humo. Mstari ukarudi kushuka.

Wiki ya 26 nilimpima tena sukari asubuhi kwenye mkeka ule ule, kwa kifaa kile kile, ikasoma 5.4. Siwezi kudai kwamba bila mabadiliko hayo angekuwa mgonjwa leo, wala siwezi kutenganisha mchango wa chakula na wa kuacha steroidi. Ninachoweza kusema ni kwamba mwili wake sasa unaidhibiti sukari kwa jasho dogo zaidi. Anaruka hadi kwenye kibaraza, na amerudia kujisafisha mgongo wa chini, mahali ambapo ulimi ulikuwa haufiki.

Kuna paka ambaye mpango huu haumfai bila usimamizi, naye ni yule anayechomwa insulini tayari. Wanga ukipungua ghafla, dozi yake ya jana huweza kuwa kubwa mno leo, na sukari ikashuka hadi akaanguka na kupoteza fahamu. Kwa paka huyo chakula na dozi hubadilishwa kwa pamoja na daktari anayemfuatilia. Vivyo hivyo paka mzee anayekonda huku akila sana si wa kuwekwa kwenye mpango wa kupunguza; huyo ni wa kupimwa damu wiki hiyo hiyo.

Ijumaa ya wiki ya 34 mizani ya duka ilisoma kilo 5.7 pamoja na kapu. Kurwa ana kilo 5.2, bado gramu 400. Kiasi chake hakijabadilishwa, kwa kuwa bado anapungua takriban gramu 35 kwa wiki, na atakapofika 4.8 tutaongeza taratibu mpaka mstari wa daftari ulale. Mama ameacha kuuliza habari ya sindano. Kila asubuhi, kabla ya chai, huliinamia beseni la mchanga na kuutazama ukuta wa nyuma yake.